Dawa ya kupaka kwenye ngozi ya kunolea visu
Ndugu, umeuliza kama nta ya nyuki na unga wa kijani wa oksidi ya kromiamu vinatosha kutengeneza dawa hiyo. Vinatosha, mradi uongeze matone machache ya mafuta ya cherehani, kwani nta peke yake hukauka na kumeguka. Yeyusha nta katika kikopo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kisha, ukiwa umefunika pua na mdomo, koroga unga taratibu hadi mchanganyiko uwe mzito. Paka utando mwembamba tu. Buruta kisu mgongo ukitangulia, kwa ulalo uleule uliotumia kwenye kinoo, bila kukandamiza, maana ngozi ikibonyea huviringisha makali. Kioshe kabla ya kukatia chakula.