Tairi linapata moto baada ya kubadilisha kaliperi? Kagua mpira wa breki

Mkuu, umesema umeshaweka kaliperi mpya, kile kifaa kinachobana pedi, na pedi mpya mbele kulia, lakini tairi bado linapata moto na gari linavuta upande huo hata ukiachia pedeli. Yalinikuta hayo hayo kwenye Corolla yangu ya 1998. Nilishuka mlima Kitonga nikitokea Iringa, na kufika Ruaha Mbuyuni harufu ya pedi kuungua imejaa ndani ya gari, rimu haishikiki. Fundi akaniwekea kaliperi. Wiki mbili hazikupita, hali ikarudi.

Kosa lilikuwa kwenye mpira wa breki, ule unaotoka kwenye paipu ya chuma kwenda kwenye kaliperi. Kwa nje haukuwa na ufa wala unyevu. Kwa ndani ulikuwa umevimba, njia imebaki nyembamba. Mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, lakini ukiachia hakuna cha kuyarudisha kwa nguvu ile. Yanabaki yamenaswa, pedi inaendelea kubana.

Pima kabla hujanunua kitu. Piga jeki, weka stendi, mtu akanyage breki kisha aachie. Tairi likigoma kuzunguka, fungua kidogo skrubu ya kutolea upepo kwenye kaliperi. Likigoma hata hapo, pistoni ya ndani ya kaliperi imeganda. Likiachia, funga skrubu, akanyage na kuachia tena, safari hii ulegeze nati ya paipu ya chuma inapoingia kwenye mpira. Likiachia na hapo, mpira hauna kosa, tafuta juu kwenye masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli. Likiendelea kushika, mpira umeziba.

Ukiwa hapo, ukunje kwa vidole karibu na vichwa vyake vya chuma, maana ndipo nyufa huanzia. Na ukiuona unatuna breki inapokanyagwa, gari lisitoke.

Nati ile kwangu ilikuwa namba 10. Ipulizie dawa ya kutu tangu jana yake, na utumie spana maalumu ya paipu inayoikumbatia nati. Mimi nilitumia spana ya kawaida, nati ikalika kona zote na ikabidi nitengenezewe paipu mpya. Usiache kaliperi ining'inie kwenye mpira, ifunge kwa waya. Badilisha mipira yote miwili ya mbele, mipya, siyo ya kutoa kwenye gari jingine. Bolti inayofunga mpira kwenye kaliperi inataka washa mbili mpya za shaba, moja kila upande. Mpira usijipinde unapokaza. Kata usukani hadi mwisho pande zote uone haugusi tairi wala shokapu.

Kisha toa upepo kwa mafuta mapya ya DOT 3 mpaka mapovu yaishe, na kopo la mafuta la masta silinda lisikauke hata mara moja. Kanyaga kwa nguvu, kagua maungio yote kwa tochi, halafu zunguka taratibu kilomita chache na usogeze kiganja karibu na rimu zote mbili. Joto lake lilingane.