Ukitaka kuandika habari za kijiji, anza na ardhi yake

Dada mmoja wa Morogoro amenitumia ujumbe baada ya kusoma makala yangu ya Voskopoja, kijiji cha Albania: "Kaka, na mimi nataka kuandika historia za vijiji. Kijiji kidogo vile uliyapata wapi mambo yote yale?" Umenigusa, dada yangu, kwa sababu makala hiyohiyo mhariri mmoja aliikataa kwa sentensi moja tu: nani anakijua kijiji hicho? Bado inaniuma. Leo ndiyo inayosomwa kuliko zote nilizowahi kuandika, kwa hiyo acha nikujibu kwa kirefu.

Anza na ardhi. Voskopoja iko kusini-mashariki mwa Albania, kama kilomita 21 kutoka mji wa Korçë, kwenye uwanda wa milimani unaozidi mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Nilipofika nilikuwa na swali moja: watu walifuata nini huku juu, na waliishi kwa kutegemea nini? Walifuata malisho. Wenyeji wake, Waaromania, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiromania, walikuwa wafugaji wa kondoo. Kondoo wakaleta sufu, sufu ikaleta biashara, na misafara ya nyumbu ikawa inashuka na mizigo hadi bandari ya Durrës ili ivushwe kwenda Venice, au inakata nchi kavu kuelekea Vienna. Ukishayajua malisho na njia ya nyumbu, mengine yote yanaeleweka.

Kwa maana hapo ndipo ilipotoka fedha ya yale yanayowashangaza wageni. Katika karne ya 18, chini ya dola ya Uthmaniya, mahali hapa palikuwa mji wenye makanisa zaidi ya 20, mtambo wa kuchapa vitabu vya Kigiriki, na shule iliyopanda hadhi mwaka 1744 ikaitwa Akademia Mpya. Vyama vya mafundi viliichangia. Mkuu wake, Theodoros Kavalioti, alitoa mwaka 1770 kitabu chenye orodha ya maneno ya Kigiriki, Kiaromania na Kialbania yakiwa sambamba. Watu wa misafara walizihitaji lugha zote tatu!

Ukifika, nenda kanisa la Mtakatifu Nikola. Usikimbilie ndani. Kaa kwanza barazani, pale penye michoro ya ndugu wawili wa Korçë, Kostandin na Athanas, waliyoichora mwaka 1750. Kisha ingia uone kazi ya David Selenica ya mwaka 1726: kuta zimejaa watakatifu kutoka chini hadi juu, rangi nyekundu na buluu bado zinaonekana. Mimi nilikaa mpaka mwenye ufunguo akachoka kunisubiri.

Tena kula chakula cha wenyeji, usile ulichobeba. Mama mmoja alinipikia lakror, mkate wa matabaka membamba wenye mboga ndani. Aliufunika kwa kifuniko kizito cha chuma kiitwacho saç, akaupalia makaa juu kama tunavyopalia wali. Wakati unaiva alinieleza habari za viazi, theluji na watoto walioko ughaibuni. Mazungumzo yale yalinifaa kuliko kitabu chochote. Ndiyo maana nasema, na nitarudia: anza na ardhi na wanaoishi juu yake.

Mji uliporwa na kuchomwa mwaka 1769, na tena mwaka 1788. Vita Kuu ya Kwanza nayo ikaja kumalizia. Waandishi wengi huishia hapo na kulia. Wewe usiishie hapo, wafuate waliokimbia. Wapo waliokwenda Korçë na Berat, wapo waliokwenda Bitola na Kruševo katika Makedonia Kaskazini ya leo, na wengine wakafika Hungaria na Austria. Ukoo wa Sina, wenye asili ya Voskopoja, ukawa wa mabenki wakubwa wa Vienna. Georgios Sina ni miongoni mwa walioligharamia Daraja la Minyororo la Budapest, lililofunguliwa mwaka 1849, na mwanawe Simon ndiye aliyegharamia jengo la Akademia ya Athens.

Kwa hiyo, dada, unapoorodhesha wazee wa kuwahoji kijijini kwako, andika pia majina ya waliohama na miji waliyohamia. Waandikie hao kwanza, kwani ndio wanaochelewa kujibu.