Kwa wanaoanza kuwapa bakteria jeni ya protini inayoshika metali

Wengi wanaoingia maabara kufanya kazi hii huwa na hamu ya kuona kadimiamu, metali nzito yenye sumu, ikipungua majini, na hamu hiyo ni ya haki, kwa kuwa maji yenye metali nzito hudhuru watu. Hata hivyo, kila matokeo yanapotoka jiulizeni kwanza: je, metali iliyopungua imeshikwa na protini yenu, au imekwenda kwingine?

Ifahamuni vyema metalothionini, ndiyo protini yenyewe inayoshika metali, ambayo watafiti Margoshes na Vallee waliieleza mwaka 1957 baada ya kuipata katika figo ya farasi. Ile ya mamalia ina asidi amino sitini na kitu, na 20 kati ya hizo ni sisteini, ambazo salfa yake hushika ioni 7 za zinki au kadimiamu. Ndani ya E. coli, bakteria wanaotumiwa sana maabarani, protini hii ikikosa metali haijikunji ipasavyo na vimeng'enya vya seli huikatakata upesi. Ndiyo maana watafiti wengi huiunganisha na protini kubwa zaidi, na kuongeza zinki kidogo wakati wa kuotesha. Tena haina tirosini wala triptofani, asidi amino zinazofyonza mwanga huo wa kupimia protini, hivyo kipimo cha mwanga wa nanomita 280, mlichokizoea darasani, hakitaionyesha hata ikiwa imejaa tele.

Sasa lile swali. Ukuta wa bakteria una chaji hasi na hushika metali hata seli ikiwa imekufa. Fosfeti iliyomo katika mchuzi wa kuoteshea huungana na kadimiamu na kutuama chini, na peptidi za mchuzi huo nazo hujichukulia fungu lao. Kwa hiyo oteshea katika mchuzi wenye fosfeti chache, na kando ya bakteria wenu wekeni chupa ya bakteria wenye plasmidi tupu (kipande cha DNA cha kubebea jeni, lakini bila jeni yenu) na nyingine isiyo na bakteria kabisa. Pimeni metali iliyobaki majini na ile iliyomo katika seli zilizooshwa kisha kuyeyushwa kwa asidi ya nitriki. Mkijumlisha pamoja na iliyotoka katika maji ya kuoshea, mpate kiasi mlichotia mwanzoni. Hesabu isipotimia, msiandike neno lolote kuhusu protini.

Katika kuchagua bakteria, napenda mfano wa watafiti Valls, de Lorenzo na wenzao, ambao mwaka 2000 waliiweka metalothionini ya panya juu ya uso wa Ralstonia eutropha CH34, bakteria aliyekwisha kuzoea metali nzito, na mitumbaku ikakua vizuri zaidi katika udongo wenye kadimiamu. E. coli hufaa kujifunzia, lakini udongoni hadumu.

Mabaki yenye kadimiamu yakusanyeni katika chombo chake chenye lebo, kamwe yasimwagwe katika sinki, na bakteria waliobadilishwa wasitoke maabara bila kibali cha usalama wa kibayolojia.