Mtunza kete wa miaka minne

Mhariri, swali lenu la wiki hii, kama ni vyema mtoto wa miaka 4 kupelekwa shule, nilitaka kulijibu kwa neno moja tu: hapana. Jirani yangu, ambaye ni mwalimu, akanikumbusha utafiti wa shule ya awali ya Perry, uliofanyika Ypsilanti, Michigan, Marekani, kati ya 1962 na 1967. Watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa, 58 wakapewa elimu ya awali na 65 wakakosa. Na walipofika miaka 40, waliosomeshwa walikuwa na kipato kikubwa zaidi na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. Sikatai. Lakini mwalimu wa Perry alikuwa na watoto wapatao sita, na kila wiki aliwafuata nyumbani kwa mama zao. Hapa Tanga tukitaja shule ya awali hatuna maana hiyo, na kila mzazi anajua.

Shule niliyompeleka kifungua mimba wangu ilijaza watoto zaidi ya hamsini katika chumba kimoja, na kazi ya nyumbani ya kila siku ilikuwa kunakili 1 hadi 50. Mwanangu aliigeuza 2 ikatazama upande usio wake, na daftari likarudi limejaa wino mwekundu. Jioni moja, nakiri kwa aibu, nilimfinya sikio mpaka akalia. Baba mkwe wangu, aliyekuwa barazani akicheza bao, alimwita bila kunitazama, akamkabidhi kete zake 22 za namua, zile za akiba zinazoingizwa mchezoni moja moja, na kumwambia, "Wewe ndiye mtunzaji. Kila nikikuomba moja, niambie zimebaki ngapi." Siku za mwanzo alikosea karibu kila mara, na wazee wale wakamsubiri azipange mkekani na kuhesabu upya, subira ambayo mimi sikuwa nayo. Haukupita mwezi akawa anasema "kumi na saba" kabla kete haijaingia shimoni, na siku moja alimuumbua mpinzani wa babu yake aliyetia mbili kwa mpigo. Ile 2 ilikuwa bado imegeuka, na shuleni aliendelea kukosa.

Kwa hiyo nilipousoma utafiti wa Kingston, Jamaika, ulioanza 1986, sikushangaa. Watoto 129 waliodumaa walihusika, na baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na mhudumu wa afya aliyewafundisha mama kucheza na watoto wao kwa vitu vilivyookotwa humohumo ndani. Miaka 20 baadaye, waliochezeshwa walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao. Na matokeo ya utafiti wa jimbo la Tennessee, Marekani, yaliyotolewa 2022 yanaonyesha kuwa watoto waliopata nafasi ya shule ya awali kwa kura walikuwa nyuma kimasomo ya walioikosa walipofika darasa la sita.

Hata hivyo, naandika haya nikiwa na mjukuu wa miaka 4. Babu wa kete amekwisha kufariki, mkwe wangu anaondoka alfajiri kwenda sokoni, nami miguu hainiruhusu kumfukuza mtoto uani, hivyo mchana kutwa anatazama televisheni. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, iwapo darasa halizidi watoto ishirini na tano, hakuna fimbo, na kazi ya nyumbani haipo. Januari tutamwandikisha, na nimekwisha kumwomba mwalimu mkuu aniruhusu niketi nyuma ya darasa asubuhi moja kabla hatujalipa ada.