Maswali na Majibu: Kuomba Uzamivu (PhD) wa Elimu ya Kusoma na Kuandika

SWALI: Nina shahada ya umahiri ya elimu na nafundisha darasa la pili wilayani Chamwino. Andiko dhana langu (muhtasari wa utafiti ninaotaka kufanya), "Changamoto za KKK katika shule za msingi Tanzania", yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, limerudishwa na profesa niliyemwomba anisimamie. Ameandika maneno mawili tu: "Pana mno." Nianzie wapi?
Mwalimu, Chamwino

JIBU: Mwalimu, anzia darasani kwako. Neno "changamoto" halimwambii msimamizi unataka kujua nini, na "shule za msingi Tanzania" haiwezi kufikiwa na mtu mmoja kwa miaka mitatu.

Msikilize mtoto mmoja akisoma. Ba, be, bi, bo, bu anazitiririsha. Akifika kwenye "ng'ombe" anasoma "ngombe". "Mbuzi" anaisoma vizuri, mbu-zi, lakini "mbwa" inamkwamisha, kwa kuwa hapo m ni silabi peke yake: m-bwa. Aliyekaa jirani yake anasoma aya nzima bila kosa, ila ukimuuliza nani aliyekwenda kisimani, anakutazama tu. Hayo ni matatizo mawili. La kwanza ni la kuoanisha herufi na sauti. La pili ni la ufahamu, na huenda mzizi wake ni msamiati, hasa kama nyumbani watoto wanazungumza Kigogo na Kiswahili wanakikuta shuleni. Kila moja lina machapisho yake, vipimo vyake na wasimamizi wake. Chagua moja.

Swali linalobeba uzamivu linaweza kuwa hivi: je, kufundisha kwa wiki 10 silabi zenye konsonanti zilizofuatana kunaongeza maneno sahihi ambayo mwanafunzi wa darasa la pili anasoma kwa dakika? Hapo kipimo kinajulikana. Mtoto akigusa maneno 46 katika sekunde 60 na kukosea 6, alama yake ni 40. Akimaliza kifungu kabla ya muda, gawa maneno sahihi kwa sekunde alizotumia, kisha zidisha kwa 60. Ongeza maswali ya ufahamu, maana kasi peke yake hudanganya.

Kuna kosa moja linaloangusha maandiko mengi mazuri, nalo ni sampuli. Watu huandika "wanafunzi 200 kutoka shule 2", shule moja ipate mbinu mpya na nyingine isipate. Watoto wa shule moja wana mwalimu mmoja na vitabu vilevile, kwa hiyo wanafanana. Matokeo yakitofautiana, huwezi kujua kama ni mbinu au ni mwalimu. Ni heri shule 20, wanafunzi 10 kila shule, na zigawanywe kwa kura. Kama nauli haitoshi kufika shule 20, badili swali: chunguza kwa kina madarasa machache na uache kabisa neno "athari" kwenye kichwa cha andiko.

Pia angalia kalenda. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na wakati wa palizi mahudhurio vijijini huyumba. Ukipima Februari, unaweza kuwakosa watoto walewale ambao utafiti unawahusu zaidi.

SWALI: Msimamizi amekubali. Nahitaji karatasi gani, na vibali napata wapi?
Msomaji, Dodoma Mjini

JIBU: Transkripti na vyeti vya shahada zote mbili, cheti cha kuzaliwa, wasifu, andiko dhana na barua za wadhamini, yaani watu wanaoifahamu kazi yako ya kitaaluma. Kama umahiri uliusoma nje, anza mapema kuomba utambuzi wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania). Mtumishi wa umma aombe ruhusa ya masomo kwa mwajiri kabla ya kulipa ada yoyote. Barua hupitia kwa mkuu wa shule hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, na hukaa mezani kuliko unavyodhani.

Kibali cha utafiti huja baadaye, pendekezo la utafiti likishapitishwa. Chuo hukupa barua, unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha halmashauri, kisha shuleni. Usiruke ngazi. Mwalimu mkuu asiyeona mhuri wa halmashauri ana haki kukurudisha getini, na wazazi nao lazima waridhie kabla mtoto hajapimwa. Anayesoma chuo cha nje aombe kibali COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia).

SWALI: Je, maombi ya Marekani yanafanana na ya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma)?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Hapana. Kwetu, kama ilivyo Uingereza, pendekezo la utafiti ndilo moyo wa maombi. Marekani kwa kawaida unasoma kozi kwanza kwa miaka miwili hivi, unafanya mtihani mkuu, ndipo unaandika tasnifu. Kwa hiyo wanataka maelezo ya malengo yako, sampuli ya maandishi na mara nyingi barua tatu. Madirisha mengi hufungwa kati ya Desemba na Januari kwa masomo ya Agosti au Septemba. Wape wadhamini wako angalau wiki sita, pamoja na andiko lako na sentensi chache za kazi mliyofanya pamoja. Barua inayosema tu "ni mchapakazi na mwaminifu" haikusaidii. Inayoeleza ulivyochambua data za tasnifu yako ya umahiri inakusaidia. Na uliza kuhusu ufadhili kabla ya kutuma: nafasi za usaidizi wa kufundisha au wa utafiti, zinazolipa ada na posho, hugawiwa wakati wa udahili, mara chache baada yake.