Kodi ya 60,000 kwa hela ya wiki

Kama unalipwa kwa wiki na kodi ya nyumba ni 60,000 kwa mwezi, tenga 14,000 kila Jumamosi mkuu, sio 15,000 ya kugawa 60,000 kwa wiki nne, maana mwaka una wiki 52 sio 48, kwahiyo 60,000 mara miezi 12 ni 720,000, gawa kwa 52 unapata kama 13,850 hivi. Hiyo buku inayobaki mpelekee mangi wa duka apunguze deni lako, afute kwenye daftari ukiwa umesimama hapohapo unaona. Mi nafanya hivi tangu niko saidia fundi, hela ya kodi namkabidhi mama watoto kabla hata sijavua buti, ikilala mfukoni imeisha. Ila kama masika saiti yenu inasimama usigawe kwa 52, gawa kwa wiki unazopiga kazi kweli, zikiwa 40 basi ni 18,000.