Usiseme ni bawasiri kabla ya kuingizwa kamera

Baba alijitibu bawasiri mwaka mzima, na haikuwa bawasiri peke yake. Kila akiona damu chooni alichemsha dawa zake, akatwambia ni joto la mwili. Kwetu Wete, Pemba, mtu mzima hazungumzi mambo ya choo mbele ya wanawe. Mpaka akawa hawezi kupanda ngazi za msikiti bila kupumzika ndipo tukampima: damu imepungua mno. Tukavuka naye hadi Dar es Salaam. Saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 48.

Bawasiri na saratani hukaa tumbo moja bila kugombana. Kwa hiyo damu isiyokoma, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, au mwanamume kupungukiwa damu bila sababu, omba kolonoskopi, yaani kamera inayoingizwa njia ya haja kubwa kutazama utumbo mpana. Kile kipimo cha kutafuta damu isiyoonekana kwenye choo hasa ni cha asiye na dalili. Wewe unayeiona kwa macho kisikutulize.

Daktari wa baba alitwambia sisi watoto tuanze kupimwa tukifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa mzazi, kinachotangulia. Kwetu ni 38. Mimi nilikwenda na 41, nikichelewa kwa kuona haya tu.

Kamera yenyewe si kitu, unapigwa sindano unalala. Kazi ni dawa ya kusafisha tumbo: lita kwa lita, chumvichumvi, mdomo unaikataa. Nami nikajifanya mjanja, nikaanza kuinywa Unguja ili niokoe muda, kisha nikapanda boti. Hatujafika nusu ya bahari tumbo likaanza kunguruma. Nikasimama kwenye foleni ya choo, mbele yangu mama na mtoto anayetapika. Sisemi zaidi. Lala Dar, karibu na choo.

Walinikuta na kinyama kama punje ya mbaazi, wakakikata papo hapo kwa kitanzi cha waya. Vinyama hivyo mara nyingi huchukua kama miaka 10 kugeuka saratani. Baba hakuipata nafasi hiyo. Alikatwa kipande cha utumbo pamoja na tezi za jirani, nazo zilikutwa na ugonjwa, hatua ya tatu, akaongezewa dripu za kemo.

Kuna swali hatukulijua wakati ule, ulizeni nyinyi: nyama iliyotolewa imepimwa protini zinazorekebisha makosa ya vinasaba? Zikikosekana, huenda ugonjwa ni wa kurithi, na kama umesambaa, dawa za kuamsha kinga ya mwili mara nyingi huushinda kuliko kemo.

Mdogo wangu ametimiza miaka 38. Kila nikimpigia ananijibu inshallah. Tiketi ya boti nimeshamkatia, na chumba Dar pia.